Athari Si Madhara: Uhakiki wa Karatasi Moja Kuhusu Nyaya za Umeme na Seli za Ubongo

Utangulizi

Katika kurasa hizi tumezoea kuhakiki riwaya, diwani na tamthilia. Safari hii tunawaomba radhi wasomaji wetu, kwani tunahakiki maandishi ya namna nyingine kabisa: karatasi ya kurasa mbili, isiyo na jina la mwandishi wala la mchapishaji, inayoeleza jinsi nyaya za umeme zinavyoathiri seli za ubongo. Karatasi hiyo ilifika idarani mikononi mwa wanafunzi, ikatolewa fotokopi, na muhula uliopita sisi wenyewe tukaitumia darasani kama zoezi la ufahamu na la upatanisho wa kisarufi. Tuliipenda. Kiswahili chake ni laini, ngeli zake zimekaa sawa, na ilikuwa faraja kuona mada ya sayansi imeandikwa moja kwa moja kwa lugha tunayoifundisha hapa Uganda.

Kisha mwanafunzi wetu mmoja wa mwaka wa pili akaanza kuchelewa vipindi vya asubuhi. Tulipomwuliza, alitueleza kwamba amekihama chumba chake cha bei nafuu kilichokuwa karibu na transfoma, na sasa anaishi mbali, kwa kodi kubwa zaidi, akija kwa miguu. Sababu? "Mwalimu, karatasi mliyotupa inasema mionzi ya umeme inaua seli za ubongo. Nami nimekuja hapa kuutumia ubongo."

Hatukuwa na jibu siku ile. Tulikuwa tumesahihisha viambishi vya karatasi nzima bila kujiuliza hata mara moja kama yaliyosemwa ni kweli. Uhakiki huu basi ni deni tunalolilipa kwa mwanafunzi huyo, na pia kwa walimu wenzetu wanaotafuta matini za sayansi kwa ajili ya madarasa yao. Tutaonyesha kwamba makosa makubwa ya karatasi ile si ya sarufi bali ya maneno manne: masafa, mionzi, athari, na imethibitishwa.

Masafa mafupi au marudio madogo?

Karatasi inaanza kwa kusema kwamba nyaya za umeme hutoa mawimbi ya masafa mafupi. Sentensi hii haina kosa lolote la kisarufi, lakini imeupindua ukweli juu chini.

Umeme wa majumbani katika Uganda, Kenya na Tanzania ni mkondo geu wenye hezi 50. Maana yake, mkondo unakwenda na kurudi mara 50 katika kila sekunde. Kwa vipimo vya wanafizikia, hayo ni marudio madogo mno. Redio zinazoitwa za masafa mafupi hutumia mawimbi yanayojirudia kati ya mara milioni 3 na milioni 30 kwa sekunde. Ufupi unaotajwa hapo ni wa urefu wa wimbi, na kanuni ni kwamba wimbi likiwa fupi, marudio yake huwa makubwa. Tukigawanya mwendo wa mwanga, kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa 50, tunapata wimbi lenye urefu wa kilomita 6,000. Kitu ambacho karatasi inakiita kifupi kina urefu wa maelfu ya kilomita.

Kwa nini kosa hili lilitupita? Kwa sababu neno "masafa" limebebeshwa mizigo miwili. Kwa mzungumzaji wa kawaida masafa ni umbali, na kwa msikilizaji wa redio ni mahali anapoitafuta stesheni yake. Sisi tunapendekeza kwamba darasani tutumie "marudio" tunapozungumzia idadi ya mizunguko kwa sekunde, na tuliachie neno "masafa" kazi yake ya umbali. Neno "marudio" linajieleza lenyewe hata kwa mwanafunzi ambaye hajawahi kuingia maabara.

Tena, karibu na waya wa umeme, ni afadhali kuzungumzia uga kuliko wimbi. Uga ni eneo ambamo nguvu ya umeme au ya sumaku inahisika. Uga hupungua haraka kadiri tunavyousogea mbali mtambo unaouzalisha. Kikausha nywele kikiwa sentimita 3 kutoka kichwani kinaweza kuwa na uga wa sumaku wa maikrotesla mamia kadhaa, na baadhi hufikia 2,000. Ukikisogeza hadi sentimita 30, uga huo unaporomoka hadi maikrotesla chache au chini ya moja. Karatasi haikutaja umbali hata mahali pamoja, ingawa kwa mtu anayechagua chumba umbali ndilo jambo la kwanza analohitaji kulijua.

Mionzi: neno moja, vitu viwili

Kosa la pili ni neno "mionzi". Karatasi inalitumia kwa nyaya za umeme, kwa picha za eksirei na kwa mabomu ya Hiroshima na Nagasaki ya mwaka 1945, yote katika aya moja. Msomaji anapomaliza aya hiyo, transfoma ya mtaani imekwisha kuwa jamaa wa bomu.

Mionzi ya eksirei na ya madini ya urani ina nishati ya kutosha kung'oa elektroni kutoka kwenye atomi. Hivyo inaweza kuuvunja moja kwa moja uzi wa DNA ulio ndani ya seli. Uga wa hezi 50 hauna uwezo huo hata kidogo. Hata mwanga wa kawaida tunaousomea kitabu una marudio makubwa kuliko ya umeme wa nyumbani takriban mara trilioni 10, na nishati ya kila chembe ya mwanga inalingana na marudio hayo. Hii haina maana kwamba uga wa umeme hauwezi kufanya lolote mwilini. Ina maana kwamba kama unafanya jambo, basi haulifanyi kwa njia ya bomu, na mwandishi anawajibika kutuonyesha njia nyingine.

Kiswahili kinaweza kuzitenganisha hali hizi mbili bila taabu. Tunaweza kusema "mionzi yenye kung'oa elektroni" kwa ile ya kwanza, na "uga wa umeme na sumaku" kwa hii ya pili. Maneno yanarefuka kidogo, lakini mwanafunzi hahami chumba bure.

Athari na madhara

Tunafika sasa kwenye kiini cha uhakiki wetu. Kichwa cha karatasi kinataja athari, na mwili wake wote unazungumzia madhara, kana kwamba maneno hayo ni pacha. Hapa kosa si la mwandishi peke yake. Katika mazungumzo ya kila siku tunasema athari za ukame, athari za mafuriko, athari za vita. Ni nadra kumsikia mtu akisema athari za harusi. Lakini asili ya neno hili katika Kiarabu ni alama au unyayo unaobaki baada ya kitu kupita, na unyayo hauna ubaya wala uzuri wenyewe. Wanasayansi wanapozungumzia athari ya kibiolojia, wanataja badiliko lolote la mwili linaloweza kupimika. Ukipanda kilima mapigo ya moyo yanaongezeka: hiyo ni athari, wala hakuna aliyedhurika.

Je, uga wa marudio madogo una athari kwa seli za neva? Ndiyo, ukiwa na nguvu ya kutosha. Mwaka 1831 Michael Faraday alionyesha kwamba uga wa sumaku unaobadilika huzalisha umeme katika kitu chenye kuupitisha. Mwili wa binadamu ni mmojawapo wa vitu hivyo. Mwaka 1896 Mfaransa Arsène d'Arsonval alieleza kwamba mtu akiingiza kichwa ndani ya koili yenye mkondo geu mkubwa huona vimulimuli vya mwanga ingawa hakuna taa. Leo inaeleweka kwamba vimulimuli hivyo vinatokana na umeme mdogo unaozalishwa katika retina, na kwamba jicho ni jepesi kuhisi hali hiyo pale marudio yanapokuwa karibu na hezi 20 na uga unapofikia militesla 5 hivi. Uga ukiondolewa, vimulimuli hutoweka. Hii ni athari iliyo wazi kwa seli za neva, lakini kwa yenyewe si jeraha.

Mfano wa pili unaigeuza hoja ya karatasi kabisa. Mwaka 1985 Anthony Barker na wenzake huko Sheffield, Uingereza, walitumia mapigo mafupi ya uga wa sumaku kuuamsha ubongo wa mtu kutoka nje ya fuvu, hata misuli ya mkono ikacheza. Kutokana na kazi hiyo ulipatikana mtambo wa tiba ambao mamlaka ya dawa ya Marekani iliuidhinisha mwaka 2008 kwa wagonjwa wa sonona. Uga wake hufikia tesla 1 hadi 2 kwa muda mfupi mno. Ni athari kubwa, na imefanywa dawa.

Wanafunzi wetu wanaozungumza Kiganda wangeweza kulijua jambo hili kutoka katika lugha yao. Umeme kwa Kiganda ni "amasannyalaze", neno lenye uhusiano na kitenzi "okusannyalala", yaani kufa ganzi au kupooza. Waswahili waliupa umeme jina la radi inayomulika angani, bali Waganda waliupa jina la jambo unalolifanya katika mwili. Kwamba umeme na neva vinahusiana si siri mpya iliyofichuliwa na karatasi yetu. Swali ni kiasi gani cha uga, kwa muda gani, na kutoka umbali gani.

Nani amethibitisha nini?

Neno la nne ni "imethibitishwa". Tumelihesabu katika karatasi: limetokea mara saba, na hakuna hata mara moja ambapo tunaelezwa ni nani aliyethibitisha. Kauli ya kutendwa ni mali ya lugha yetu, nasi tunaifundisha kwa fahari, lakini ina hila yake: humficha mtenda. Basi na tumtafute.

Habari ya seli za ubongo kudhuriwa inaelekea kutokana na majaribio ya Henry Lai na Narendra Singh wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle. Katika makala yao ya mwaka 2004 walieleza jinsi walivyowaweka panya katika uga wa sumaku wa hezi 60, ambao ndio umeme wa Marekani, wenye nguvu ya maikrotesla 10. Baada ya saa 24 walipima seli za ubongo kwa mbinu ambayo DNA iliyokatika huonekana chini ya hadubini kama kimondo chenye mkia. Waliripoti kwamba mikatiko iliongezeka, na baada ya saa 48 iliongezeka zaidi. Waliripoti pia kwamba panya waliopewa kabla dawa ya jamii ya vitamini E, au dawa inayoyashika madini ya chuma mwilini, hawakuonyesha ongezeko hilo. Kutokana na hayo walipendekeza kwamba uga hauivunji DNA wenyewe, bali huenda unachochea, kupitia madini ya chuma, kuzalishwa kwa molekuli kali zinazoivunja.

Hii ni kazi ya kuheshimiwa, na njia iliyopendekezwa inaeleweka. Lakini tazama yaliyoachwa na karatasi. Kwanza, uzi wa DNA uliokatika si seli iliyokufa, kwani seli zetu hukatikiwa na DNA kila siku na huwa na vyombo vyake vya kuiunga. Pili, panya si mtu, na maikrotesla 10 kwa saa 24 mfululizo si hali ya chumba cha kawaida, ambako uga kwa wastani huwa chini sana ya maikrotesla 1. Tatu, na hili ndilo zito, James McNamee na wenzake huko Kanada waliwaweka panya wadogo wachanga katika uga wa hezi 60 wenye nguvu mara 100 zaidi, yaani militesla 1, kwa saa 2, na katika ripoti yao ya mwaka 2002 hawakuona ongezeko la mikatiko katika ubongo. Walirudia uchunguzi kwa aina kadhaa za panya, na ripoti ya mwaka 2005 ilikuwa na jibu lile lile. Ni kweli kwamba saa 2 si saa 24, na kwa hiyo majaribio haya hayajibizani neno kwa neno. Hata hivyo, jambo ambalo wengine wamelitafuta wasilione halistahili kuitwa limethibitishwa.

Karatasi inaongeza kwamba Shirika la Afya Duniani limesema nyaya za umeme husababisha kansa ya ubongo. Hapa mwandishi amechukua habari ya kweli akaihamisha kutoka kiungo kimoja hadi kingine. Mwaka 2002 taasisi ya utafiti wa kansa iliyo chini ya shirika hilo, yenye makao yake Lyon, Ufaransa, iliuweka uga wa sumaku wa marudio madogo sana katika kundi la 2B, yaani la vitu ambavyo huenda vinasababisha kansa. Msingi wa uamuzi huo ulikuwa lukemia ya watoto, ambayo ni kansa ya damu. Kuhusu kansa nyingine zote, ikiwemo ya ubongo, taasisi ilisema ushahidi hautoshi.

Swali la lukemia lilianzia Denver, Marekani, ambako Nancy Wertheimer na Ed Leeper walichapisha utafiti wao mwaka 1979. Mwaka 2000 Anders Ahlbom na wenzake walizikusanya pamoja tafiti 9 na kukuta kwamba watoto walioishi kwenye uga wa wastani wa maikrotesla 0.4 au zaidi walikuwa na lukemia takriban mara mbili ya wengine. Watoto wa namna hiyo hawakufika asilimia 1 ya waliochunguzwa. Uhusiano huo haujapata maelezo ya kibiolojia yanayokubalika, na huenda sehemu yake inatokana na jinsi familia zilivyochaguliwa kushiriki. Tathmini ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2007 ilihitimisha kwamba ushahidi hauna nguvu ya kutosha kuitwa wa kusababisha, lakini una nguvu ya kutosha kutouacha bila kuufuatilia. Ikashauri hatua za tahadhari zisizo na gharama kubwa.

Waswahili husema dalili ya mvua ni mawingu. Kundi la 2B ni wingu. Mwandishi wetu ametuambia tumekwisha kulowa.

Kosa la upande wa pili

Tusije tukadhaniwa tunawatetea wenye nyaya. Katika kutafuta matini ya kulinganisha tulipata kijikaratasi kingine, nacho hakina jina, kinachosema kwamba imethibitishwa kuwa uga wa umeme hauna athari yoyote kwa binadamu. Ni neno lile lile, na mtenda amefichwa vile vile. Kijikaratasi hiki hakielezi kwamba kuna mipaka ya kimataifa iliyowekwa kwa sababu athari za uga mkubwa kwa neva zinajulikana. Mpaka wa uga wa sumaku kwa watu wa kawaida kwa umeme wa hezi 50 ulikuwa maikrotesla 100 katika mwongozo wa mwaka 1998, na katika ule wa mwaka 2010 ukawa 200. Chini kabisa ya nyaya kubwa za kusafirishia umeme uga unaweza kufikia maikrotesla 20 hivi. Kama tahadhari haina maana, mipaka hii iliwekwa ya nini? Na kama hatari ni ya hakika, kwa nini tathmini zote zinasema "huenda"?

Zaidi ya hayo, karatasi zote mbili zimenyamazia hatari isiyobishaniwa na mtu. Waya uliolegea, nguzo iliyooza, umeme uliounganishwa kienyeji, fito ndefu ya kuangulia maembe inayogusa waya: haya huua siku hiyo hiyo, na hayahitaji panya wa maabara kuyathibitisha. Tunapomwogopesha mtu kwa jambo la mbali lisilo na hakika, tunamwondolea macho kwenye jambo la karibu lililo hakika.

Zoezi tunalopendekeza

Lugha yetu haikushindwa. Ina "huenda", "yamkini", "inaelekea", "inadaiwa" na kiambishi -nge-, na kila kimoja kina uzito wake. Ina pia "fulani aliona", "fulani hakuona". Tulichokosa ni mazoea ya kuvitumia katika habari za sayansi. Methali ya "lisemwalo lipo, kama halipo laja" inafaa kwa umbea wa mtaani, bali maabara haiwezi kuongozwa nayo.

Muhula huu tumeirudisha karatasi ile darasani. Safari hii hatukuuliza ngeli. Tuliwapa wanafunzi kazi tatu: wapigie mstari kila kauli ya kutendwa na waulize mtenda ni nani, waandike kiasi, muda na umbali pale vilipoachwa, na wachague kati ya "athari" na "madhara" kwa kila sentensi, wakitoa sababu. Kundi moja liliiandika upya aya ya kwanza hivi: "Uga wa sumaku wa marudio madogo, ukiwa na nguvu nyingi, huamsha seli za neva. Kuhusu uga hafifu wa majumbani, watafiti wengine waliona badiliko katika seli za ubongo wa panya na wengine hawakuliona. Kwa binadamu, madhara ya ubongo hayajaonyeshwa." Ni sentensi tatu, hazitishi na hazibembelezi. Tuliwapa alama zote.

Hitimisho

Mwanafunzi aliyehama alikuwa katika kundi hilo. Chumba chake cha zamani kimekwisha kupata mpangaji mwingine, nasi hatuwezi kumrudishia. Tumemwomba radhi mbele ya darasa, kwa kuwa karatasi ile tulimpa sisi, ikiwa na muhuri wa idara juu yake. Alijibu kwamba kwa sasa anaendelea kutembea, ila tangu siku hiyo kila matini tunayogawa huigeuza kwanza kutafuta jina la mwandishi.

Walimu wenzetu ambao wana matini za sayansi wanazozitumia madarasani wanakaribishwa kuzileta idarani, ili tuzisome pamoja kabla hatujazigawa kwa wanafunzi.